Tope, Usukani na Pimamaji: Hotuba kwa Maopereta wa Foklifti za Ardhi Mbovu

Hotuba hii ilitolewa mjini Shinyanga, kabla ya mvua, mbele ya maopereta wa mitambo, wapanga mizigo, watoa ishara na wasimamizi wa saiti. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu siku hiyo.

Mwangaluka!

Mwangaluka tena, maana waliokaa nyuma hawajaitika. Haya, sasa nawasikia.

Ndugu waandaaji, wasimamizi wa saiti, maopereta wenzangu, na nyinyi vijana watoa ishara mliosimama mlangoni kana kwamba mtambo utaingia humu ndani: asanteni kwa kunialika. Nimepewa saa moja. Nitajitahidi kuiheshimu, ingawa mnajua wenyewe, mtu aliyekaa kebini peke yake miaka mingi akipewa kipaza sauti ni vigumu kumnyang'anya.

Nimeombwa nizungumzie sifa zinazoiwezesha foklifti ya ardhi mbovu kugeuka na kupenya mahali ambapo foklifti ya ghalani ingezama kabla haijafika kwenye mzigo. Nitazitaja. Lakini nimekuja na jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Karibu kila kifaa kinachoufanya mtambo huu ugeuke kwa urahisi kimetengenezwa kwa ajili ya mzigo ulio chini. Mzigo ukipanda, kifaa kilekile kilichokuokoa tope asubuhi kinaweza kukulaza ubavu mchana. Mzigo ukiwa chini, una mtambo. Mzigo ukiwa juu, una mnara. Na mnara haukati kona.

Nani ameendesha foklifti ya ghalani kabla ya kuja saiti? Inueni mikono. Wengi. Basi nyinyi ndio ninaowaogopa zaidi, msinichukie. Sakafu ya saruji imewafundisha kwamba ardhi haiwezi kukugeuka. Mbuga ya hapa haikuahidi mtu kitu.

Tuanze na swali jepesi. Kwa nini foklifti ya mlingoti, ile yenye nguzo za wima mbele za kupandishia uma, inakata kona kwa magurudumu ya nyuma? Uzito wote uko mbele. Ekseli ya mbele inabeba mtambo na mzigo, na ndiyo inayopewa nguvu za kusukuma. Ekseli ya nyuma, ukishabeba mzigo, inakuwa nyepesi na rahisi kugeuza. Hata historia ya mtambo huu inaanzia hapo. Mwaka 1958, mjini Ancenis, magharibi mwa Ufaransa, Marcel Braud alichukua trekta la shamba, akageuza upande wa kuendeshea, akafunga mlingoti juu ya yale magurudumu makubwa. Yaliyokuwa magurudumu ya nyuma ya trekta yakawa ya mbele. Yale madogo ya usukani yakawa nyuma. Ndipo ilipozaliwa Manitou, na ndipo zilipoanzia foklifti za ardhi mbovu kama tunavyozijua. Miaka mingi baadaye, mwaka 1977, JCB wa Uingereza wakatoa Loadall yenye mkono unaochomoka, na wajenzi wakaipokea kwa mikono miwili. Lakini lile wazo la kwanza, trekta linalotazama nyuma, bado liko chini ya kiti cha kila mmoja wenu anayeendesha ya mlingoti.

Trekta linalotazama nyuma lina matokeo yake. Ukikata kushoto, mkia unatupwa kulia. Gari dogo halifanyi hivyo, kwa hiyo macho yenu hayajazoea. Tulikuwa tunajenga bweni la shule, na opereta mmoja, mtu mzuri, mwangalifu na mzigo wake, alitoka stoo ya saruji akakata kushoto huku macho yake yakiwa kwenye uma. Uma zilipita salama kabisa, hazikugusa kitu. Mkia ndio uliochukua nguzo ya jukwaa la mirunda upande wa kulia. Fundi wa plasta aliyekuwa juu akarukia kwenye lundo la mchanga, yeye na karai lake. Mungu aliuweka mchanga pale. Opereta aliposhuka alikuwa anaapa kwamba hakugusa kitu, na kwa alichokuwa anakiangalia, alikuwa anasema kweli! Ndiyo maana nawaambia watoa ishara: mtambo wa usukani wa nyuma ukigeuka, nyinyi tazameni mkia. Opereta anatazama uma, huwezi kumzuia. Nyinyi tazameni mkia.

Sasa tuje kwenye telehendla, zile za mkono mrefu. Hapa usukani ni mmoja lakini una mikao mitatu. Nani atanitajia? Naam, mama hapo mbele. Sawasawa kabisa, na naomba wanaume mliokaa kimya mumpigie makofi.

Mkao wa kwanza: yanageuka magurudumu ya mbele peke yake. Huu ni wa barabarani. Telehendla nyingine hufika kilomita 30 hadi 40 kwa saa kwenye lami, na kwa mwendo huo hutaki magurudumu ya nyuma nayo yawe na maoni yao. Unagusa usukani kidogo kukwepa bodaboda, mkia unakwenda upande wa pili, ukijaribu kurudisha unazidisha. Mbele peke yake. Hapo hatujadili.

Mkao wa pili: yanageuka yote manne, ya mbele yakienda kushoto, ya nyuma yanakwenda kulia. Hapa ndipo utamu ulipo. Magurudumu yakipinda kwa kiasi kilekile, duara la kugeukia linapungua hadi karibu nusu ya lile la usukani wa mbele peke yake. Mtambo wa tani 12, mrefu kuliko baadhi ya vyumba tunavyopanga mjini, unageuka kwenye uchochoro wa saiti bila kupiga rivasi.

Lakini kuna faida ya pili ambayo wengi hawaitaji, na kwa ardhi ya huku mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Ukikata kona kwa mkao huu, magurudumu ya nyuma yanapita kwenye nyayo za magurudumu ya mbele. Ukikata kona ileile kwa usukani wa mbele peke yake, ya nyuma yanapita ndani zaidi, yanachimba njia yao mpya. Maana yake nini kwenye tope? Maana yake ya mbele yameshalikanyaga na kulishindilia, ya nyuma yanapita palipokwisha kushindiliwa. Unachimba njia mbili badala ya nne. Saiti inayotumia mkao huu kwenye kona zake inaamka Ijumaa bado ina barabara. Nyingine inaamka Jumatano inatafuta moramu ya kujazia mashimo.

Mkao wa tatu unaitwa kaa, kama yule kaa wa baharini anayetembea ubavu. Yote manne yanapinda upande mmoja na mtambo unakwenda mshazari bila kugeuza uso. Wakati gani unamhitaji kaa? Umefika kwenye ukuta na paleti ya matofali. Mtambo umenyooka vizuri, uma zimelingana na jukwaa, ila umekaa kulia kidogo, kama hatua moja hivi. Bila kaa unarudi nyuma, unakata, unaingia upya, unakata tena, na kila kukata ni tope jipya. Kwa kaa unarudi kidogo ukiwa mshazari, unasogea mbele, basi, umelingana. Dakika moja.

Sasa sikilizeni upande wake wa pili. Ukiwa kwenye kaa, ubavu wote wa mtambo unasogea kwa pamoja, kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma. Niliwahi kusimama kwenye saiti yenye mtaro wa msingi kando ya njia, opereta akisogea na kaa kuelekea ukutani. Anatazama uma. Tairi la mbele la kulia liko salama, analiona. La nyuma la kulia halioni, maana mkono umelala upande huo na injini iko upande huo. Ukingo wa mtaro ulikuwa haukunyooka. Nyuma ulikuwa umebomoka na mvua ya usiku. Tairi lile lilining'inia nusu hewani kabla mtoa ishara hajapata sauti. Paleti ilikuwa chini, karibu na ardhi, na ndiyo sababu tulimaliza siku ile kwa kuchimba na kuvuta na si kwa kupiga simu kwa ndugu wa mtu. Ingekuwa juu? Nyamazeni kidogo muifikirie wenyewe.

Kanuni yangu kwa mitaro ni ile ya zamani: kina cha mtaro ndicho umbali wa chini wa tairi kutoka ukingoni. Mtaro wa mita moja na nusu, tairi likae mita moja na nusu au zaidi. Mvua ikinyesha, naongeza. Wahandisi wanaweza kuwapa hesabu nzuri zaidi kwa udongo wenu. Kama wamewapa, fuateni ya wahandisi.

Na kabla sijaacha usukani. Kubadilisha mkao wakati magurudumu yamepinda! Hili linafanyika kila siku na halionekani mpaka lionekane. Mtu wa zamu ya usiku ameacha mtambo kwenye kaa, magurudumu yamepinda, ameshuka kwenda kulala. Wa asubuhi anapanda, anabadilisha swichi kwenda mkao wa pili bila kunyoosha kwanza. Sasa ya mbele na ya nyuma hayasemi lugha moja. Ananyoosha usukani, anaamini amenyooka, na mtambo unaondoka ukiwa umekaa upande. Niliona mmoja ukiondoka na nguzo ya geti kwa njia hiyo, mlinzi bado ameshika daftari. Nyoosha ya nyuma. Nyoosha ya mbele. Ndipo ubadilishe. Mitambo mipya ina taa na vihisio vinavyosubiri magurudumu yanyooke ndipo mkao ubadilike. Vizuri. Lakini waya wa kihisio unapita kule chini, palepale mawe yanaporukia, kwa hiyo shuka utazame kwa macho. Hata usipogusa swichi, mafuta ya haidroliki yanayovuja kidogo kidogo ndani ya silinda yanaweza kuyafanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yasilingane tena baada ya kazi ya muda mrefu. Ukiona mtambo unakuvuta upande, usizoee kuushika. Yalinganishe magurudumu upya kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Tuingie kwenye tope sasa, maana naona wa Kishapu na Maswa wananitazama kama niliyekuja kuzungumzia lami.

Udongo mweusi wa mbuga mnaujua kuliko mimi. Kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Masika unavimba, unateleza juu na kunata chini. Tairi la foklifti hii ni kubwa na kashata zake ni ndefu ili ziume ardhi, lakini udongo huu unajaa katikati ya kashata, na baada ya mizunguko michache una tairi jipya lililo kipara. Hapo opereta anafanya nini? Anakanyaga mafuta. Mimi nawaambia kinyume chake. Magurudumu yote manne yanapovuta, faida yake ni kugawana kazi, kila tairi livute kidogo lisiteleze. Ukikanyaga mafuta unayanyima nafasi ya kugawana. Pole pole, gia ya chini, mwendo usiobadilika.

Difu loki nayo ina mipaka yake. Difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli, inamwachia aliye kwenye utelezi azunguke bure huku mwenzake aliye pakavu amesimama. Loki inawafunga wazunguke pamoja. Nzuri sana, kwenda moja kwa moja. Ukikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ukiwa umeyafunga, ama ekseli inateseka au mtambo unagoma kugeuka na kusukumwa mbele palepale ulipotaka kukwepa. Funga kabla ya tope, ukiwa umenyooka. Fungua kabla ya kona.

Kuna mtu mwenye nia njema kwenye kila saiti, kwa kawaida ni dereva wa lori, atakayekuambia: "Punguza upepo, kaka, litashika." Kwa lori lake kwenye mchanga, sawa. Kwako hapana. Chati ya mzigo iliyobandikwa kebini kwako, ile inayokuambia uinue uzito gani na mkono ukiwa wapi, imepigwa hesabu tairi zikiwa na upepo uliopangwa, na mtambo ukiwa umesimama sawa. Ukipunguza upepo umeichana chati. Na tairi moja likiwa laini kuliko mwenzake wa upande wa pili, mtambo unaegama. Kiasi gani? Kidogo tu, utasema. Nyuzi tatu. Huwezi hata kuihisi kwenye kiti.

Haya, nifuateni kwenye hesabu, si ngumu. Mzigo uko mita 10 juu. Mtambo umeegama nyuzi 3. Ule mzigo kule juu umehama upande kwa nusu mita na zaidi kidogo. Nyuzi 5? Sentimita 87. Na mtambo wenyewe, kutoka tairi hadi tairi, upana wake ni mita mbili na kitu. Katikati hadi ukingo ni kama mita moja. Sasa niambie nusu mita ni kidogo! Niambie sentimita 87 ni kidogo! Na hujapigwa na upepo, hujakata usukani, hujashika breki.

Na si hivyo tu. Mnajua ekseli ya nyuma ya mitambo mingi hii imefungwa kwa pini moja katikati, ili icheze? Tairi moja la nyuma linapanda jiwe, jingine linaingia shimo, na yote manne bado yamekanyaga. Hiyo ndiyo siri ya kupita ardhi mbovu. Bila hiyo, tairi moja lingekuwa hewani kila mara, usingevuta wala kugeuka. Lakini ekseli inayocheza haizuii mtambo kuegama. Kwa hiyo mtambo wa magurudumu manne kwa kweli umesimama kwenye sehemu tatu, kama kigoda cha miguu mitatu: tairi mbili za mbele, na ile pini ya nyuma. Kadiri uzito unavyotoka katikati kuelekea ukingoni, ndivyo unavyokaribia kuondoka kwenye kigoda. Watengenezaji wanalijua hilo, na kwenye mitambo mingi mkono ukifika juu kiasi fulani, ekseli ya nyuma inafungwa isicheze. Lakini inafungwa jinsi ulivyosimama. Ukisimama umeegama, umefungwa ukiwa umeegama.

Ndiyo maana telehendla nyingine zina kusawazisha fremu. Unabonyeza, mwili wa mtambo unalala kushoto au kulia, kwenye baadhi ya modeli hadi nyuzi 10 kila upande, mpaka pimamaji iliyo mbele yako ikae katikati. Kifaa kizuri sana. Na ni kifaa ambacho nimeona kikitumiwa vibaya kuliko vyote.

Jengo la ghorofa, tunapandisha matofali. Opereta amefika, ameinua, mzigo umekaribia sakafu ya juu, anaona paleti haijalingana na ukingo, imeegama kidogo kulia. Akili inamwambia nini? Nisawazishe! Kifaa si kipo? Mkono wake ukaenda kwenye swichi. Msimamizi wetu, mzee mmoja mkali aliyeanza kazi na winchi za bandarini, alikuwa chini, akaona ile fremu inaanza kulala. Hakupiga kelele. Aliinua mikono yote miwili, ishara ya kusimama, akasubiri macho ya opereta yamkute. Kisha akamwonyesha: rudisha mkono ndani. Shusha. Shusha tena, mpaka chini kabisa. Kisha akamwambia asawazishe. Kisha ainue upya. Tulipoteza dakika tano na fundi wa juu akatutukana kwa Kisukuma kizuri sana.

Kwa nini mzee alifanya vile? Kwa sababu kusawazisha fremu mzigo ukiwa juu ni kuuzungusha mnara. Unaurusha mzigo upande mmoja, unasimama ghafla, na mzigo hausimami pamoja nawe. Pimamaji kwanza, mkono baadaye. Semeni nami! Pimamaji kwanza...

Asanteni.

Mengine nitayapitia haraka, maana mnayajua. Kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, uma zitazame juu, ukipanda na ukishuka, hata kama kushuka ni kwa rivasi. Usigeuke katikati ya mteremko. Fika pa bapa ndipo ugeuke. Beba mzigo chini kiasi cha kutogusa ardhi, mkono umerudi ndani, uma zimelala nyuma kidogo. Mtambo ulioandikwa tani 4 hauna tani 4 popote. Ukinyoosha mkono mbele hadi mwisho unaweza kubaki na kilo mia chache, na tope halisomi maandishi ya ubavuni. Na watoa ishara, kwenye telehendla nyingi kebini iko kushoto, upande wa kulia ni giza, hasa mkono ukiwa umeinuka kidogo tu. Kaeni mbele kushoto, mahali opereta anapoona uso wenu. Kama humwoni usoni, yeye hakuoni kabisa.

Kuna wasimamizi humu, na kwao nina ombi. Kabla mvua hazijaanza, tembeeni njia zenu kwa miguu, muweke moramu kwenye kona kwanza, sehemu zilizonyooka baadaye. Mtambo unakwama na kuegama kwenye kona. Na mtenge mahali pa bapa, paliposhindiliwa, kila panaponyanyuliwa mzigo. Opereta bora niliyemwona hawezi kuisawazisha ardhi ambayo hamkuitengeneza.

Maswali nitayachukua nje, kwa sababu waandaaji wameleta telehendla, iko pale nyuma ya ukumbi kwenye udongo uliomwagiwa maji tangu asubuhi. Nimeiacha magurudumu ya nyuma yamepinda, tairi moja lina upepo pungufu, na usukani uko kwenye mkao ambao sitawaambia. Mtapanda mmoja mmoja, na kabla hujawasha injini utaniambia umekuta nini. Mama aliyetaja mikao mitatu ataanza. Wa ghalani mtafuata, wote, hakuna kujificha. Helmeti zenu, tafadhali, na vijana wa mlangoni mtupishe.